Vikapu Mia Mbili na Arobaini vya Shangazi

Mtu wa kwanza kurudi Handeni kutoka Ulaya akiwa na diploma ya biashara na ufungashaji wa bidhaa nilikuwa mimi. Kama yupo aliyenitangulia, basi hakuionyesha diploma yake kwa mtu, na diploma isiyoonyeshwa mimi siihesabu. Yangu niliisafirisha ndani ya bomba la bati. Niliifungua forodhani, nikaifungua ndani ya treni, nikaifungua stendi ya Korogwe mbele ya mzee aliyekuwa ameniuliza tu kama safari ilikuwa njema.

Ni lazima nieleze nilikotoka, ili msomaji apime mwenyewe urefu wa ngazi niliyoipanda. Baba yangu alikata mkonge upande wa Mazinde mpaka viganja vyake vikawa vigumu kama soli ya kiatu. Nilipomaliza shule, bwana mmoja wa ofisi ya shamba alimwambia baba kwamba kuna meza ya karani iko wazi, niende tu nikae. Nilimjibu baba kwamba nitakaa kwenye meza, lakini si ile. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala mkubwa aliyenipigia simu. Niliandika barua za maombi thelathini na moja kwa kalamu yangu mwenyewe. Zilijibiwa mbili, na moja ilisema hapana. Ile nyingine ndiyo iliyonipeleka masomoni katika mji mdogo wa nchi ya baridi, kaskazini mwa Ulaya, ambako watu huvaa soksi mbili na kula samaki wabichi bila kuona haya.

Jioni, baada ya masomo, nilikuwa napanga mizigo katika duka la mama mmoja mrefu mwenye sauti ndogo. Aliuza zawadi zilizotengenezwa kwa mikono, kutoka nchi nyingi: mablanketi, vyungu, vinyago, shanga. Mama huyu alikuwa na msimamo. Hakuuza kitu mpaka ajue kwamba aliyekitengeneza hakunyonywa. Siku aliponieleza hivyo nilimwambia kwamba mimi natoka nchi ambayo unyonyaji umekatazwa rasmi. Aliweka chini kikombe chake cha kahawa.

Siku iliyofuata nilimletea kikapu changu. Kilikuwa cha ukindu, chenye mfuniko, kimesukwa na shangazi yangu, dada yake baba, aliyeolewa kijiji kimoja karibu na Mazingara. Alinipa siku ya kuondoka kikiwa kimejaa karanga za kukaanga. Karanga ziliisha kabla ndege haijaacha ardhi ya Dar es Salaam, na tangu hapo nilikitumia kuwekea soksi. Nilitoa soksi, nikakifuta, nikakiweka mezani. Yule mama alikigeuza, akakinusa, akafunga mfuniko na kuufungua kama mara kumi.

"Nenda kwenu," aliniambia, "uniletee mia mbili na arobaini kama hiki. Vikifika salama kabla ya Krismasi, wewe ndiwe mnunuzi wetu wa Afrika ya Mashariki. Nitakuchapishia karatasi za barua zenye jina lako juu."

Nataka ieleweke vizuri kilichokuwa mbele yangu. Vikifika, mimi ni mnunuzi, na jina langu linachapwa kwa mashine Ulaya. Visipofika, meza ya karani kule kwenye mkonge ilikuwa bado iko wazi. Baba alikuwa ameniandikia kunikumbusha, akaongeza kwamba kiti chake kimefanyiwa ukarabati.

Nilishuka Korogwe nikiwa na koti la sufu, maana koti la sufu ndilo lililoonyesha kwamba nimetoka mbali. Jua la Korogwe halikuliheshimu. Kutoka pale nilipanda lori hadi Handeni mjini, kisha lori jingine, kisha miguu. Nilipofika kwa shangazi nilikuwa nimelowa kama mtu aliyevuka mto.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba." Aliniita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake. "Mbona umevaa blanketi?"

"Ni koti, shangazi. La Ulaya."

"Livue kabla hujafa, tukakosa pa kukuzika. Na umekonda. Walikuwa wanakulisha nini huko, karatasi?"

Nikaona ndipo pa kuingilia. Nilifungua bomba, nikaikunjua diploma. Shangazi alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima mwaka ule ule, akisomea chini ya paa la ghala la kijiji. Basi aliishika kwa mikono miwili na kuanza kupeleka kidole juu ya herufi taratibu, akiruka maneno yote ya kigeni, mpaka akafika kwenye jina.

"Hili ni jina la baba yangu."

"Ni langu, shangazi."

"Wewe ulilitoa wapi?"

Akaikunja diploma, akaifunga kwenye kanga yake pamoja na kadi ya kisomo, na ikanichukua siku tatu kuipata tena.

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya ghala. Walikuja wanawake ishirini na wanne wanaojua kusuka, na mwenyekiti wa kijiji, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni, ambaye idhini yake ilihitajika ili wanawake waachwe siku mbili kwa wiki wasiende kwenye shamba la pamoja la pamba. Shamba lenyewe siku zile lilikuwa vumbi. Mvua za vuli zilitukosa, na za masika zikaja kama mgeni anayechungulia mlangoni na kuondoka. Watu walikuwa wanakula mara moja kwa siku na kuongea habari nyingine.

Nilisimama na karatasi ya maswali ishirini na mawili ambayo mama mwenye duka hukipelekea kila kijiji anachonunua kwake. Niliyatafsiri mwenyewe, bila kamusi.

"Swali la kwanza. Je, mfanyakazi analazimishwa kufanya kazi?"

Mwenyekiti aliwahi kujibu kabla mwingine hajafungua mdomo. "Andika, hapa hakuna anayelazimishwa. Asiyetaka tunamwelimisha mpaka atake."

Niliandika: hapana.

"Mfanyakazi hufanya kazi saa ngapi kwa siku?"

"Kazi gani?" aliuliza mwanamke mmoja mnene aliyekaa mbele, jirani wa shangazi.

"Hii ya kusuka."

"Kusuka ni kazi? Mimi nasuka nikipumzika."

"Basi unapumzika saa ngapi?"

Walicheka mpaka mmoja akashikwa na kikohozi. Niliacha nafasi pale.

"Je, mahali pa kazi pana mwanga na hewa ya kutosha?"

Waliangalia juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu, na mwanga wake ulikuwa umewachosha wote kwa miezi minane. "Mwanga upo," shangazi alisema. "Waambie ukipungua kidogo tutashukuru."

Swali la kumi na tisa lilikuwa kosa langu, ningepaswa kuliruka. Liliuliza kama mfanyakazi ana njia ya kutoa malalamiko yake. Walilalamika mpaka adhuhuri. Walianza na kisima, wakaenda kwa waume zao, wakaingia kwenye filimbi ya mwenyekiti, ambayo hupigwa alfajiri kabla hata kuku wa kijiji hawajaamua. Nilijaza kurasa mbili. Mwenyekiti aliomba ya filimbi ifutwe. Niliifuta, kisha nikaiandika tena kwa Kiingereza.

Swali la mwisho halikuwa swali bali agizo: kila kikapu kifungiwe kibandiko chenye jina la aliyekisuka. Hapo kicheko kilikatika. Wengi wao walikuwa wamejifunza kuandika majina yao mwaka ule, na mpaka siku ile hapakuwa na mahali pa kuyaandika ila ubaoni, ambako hufutwa.

"Tutaandika wenyewe?" aliuliza yule jirani mnene.

"Wenyewe, kwa mikono yenu."

"Na huko Ulaya watasoma?"

"Watasoma kila jina."

Walitazamana. Kisha shangazi akauliza vikapu hivyo vitafanya nini huko. Nilieleza, kwa sauti ya darasani, kwamba ni zawadi. Wazungu wana sikukuu yao, na katika sikukuu hiyo kila mtu humpelekea mwenzake zawadi.

"Anampelekea kikapu."

"Ndiyo."

"Kikapu na nini?"

"Kikapu tu, shangazi."

"Kitupu?"

"Kitupu."

Mwenyekiti alishika filimbi yake kama mtu anayetaka kuitumia. "Baba," shangazi alisema polepole, kwa ile sauti ya kumsemesha mgonjwa, "na huyo mwenzake akiletewa kikapu kitupu, anaelewa nini?"

"Anafurahi," nilisema. "Anashukuru."

"Haya," alisema shangazi. "Tumekusikia."

Nilichukulia kwamba nimeeleweka. Sisi tuliosoma biashara hufundishwa kwamba mteja akisema amesikia, jambo limekwisha.

Kwa muda wa miezi miwili nilikaa kijijini kusimamia ubora. Nilikuwa na rula ya chuma, na kila kikapu nilikipima kimo, upana wa kitako na unene wa ukingo. Yule jirani wa shangazi alisema napima kama fundi seremala anayesubiri mtu afe. Vilivyozidi nusu inchi nilivirudisha, na vilirudi kwangu siku ya pili vikiwa vilevile, ila vimelowekwa na kubanwa kwa goti. Lakini nasema kweli, na nimeona mengi duniani, kwamba sijaona mikono kama ile. Ukindu waliupaka rangi ya mizizi, nyekundu na ya kahawia, na mistari ilizunguka kikapu na kukutana bila mtu kuona ilipokutania.

Katika ufungashaji ndipo nilipowaonyesha elimu. Niliagiza kwamba kikapu kikishapimwa, mfuniko ufungwe hukohuko kijijini kwa uzi wa katani, mafundo mawili, na kibandiko kiwe juu ya fundo, na kisifunguliwe na mtu yeyote mpaka kifike dukani. Ndivyo nilivyofundishwa. Mfuniko usiofungwa hupotea njiani, na kikapu bila mfuniko si bidhaa. Wanawake waliipokea amri hiyo kwa utii ambao ungemshtua mtu asiye na diploma.

"Kisifunguliwe kabisa?" shangazi aliuliza.

"Kabisa."

"Hata na wewe?"

"Hata na mimi."

"Umesoma vizuri, baba," alisema, na mimi nikaiandika sifa hiyo moyoni.

Siku ya kupakia lori, vikapu vyote vilikuwa ndani ya ghala vimepangwa safu, kila kimoja na fundo lake na jina lake. Mengine yaliandikwa kwa herufi kubwa zilizoegemeana, mengine yalikuwa yameanza upande mmoja wa kibandiko na kuishia nyuma. Dereva alikuwa Msambaa, na Msambaa hawezi kupita Handeni bila kuwachokoza Wazigua.

"Bwana mnunuzi," alisema akiinua kikapu, "nyinyi huku hata ukindu wenu una mawe?"

"Huo ni uzito wa ubora," nilimjibu.

"Kwetu milimani ubora ni mwepesi." Akakitikisa. Kililia kama kayamba. "Na huu unaimba."

"Ukindu umekauka. Pakia."

Nilikaa mbele na koti langu magotini. Wanawake walisimama kando ya njia. Hawakupunga mikono. Walilitazama lori kama watu wanaomsindikiza bibi harusi, wakihesabu kama amevaa kila kitu.

Korogwe nilipanga chumba Kwamndolwa kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa na ua mpana. Tulivishusha vikapu chini ya banda lake vingoje masanduku ya mbao ambayo fundi alikuwa bado anayapiga. Meli ilikuwa inaondoka Tanga baada ya siku tisa. Kila kitu kilikuwa kwenye ratiba, na ratiba niliichora kwa wino wa rangi mbili.

Siku ya pili kuku wa bibi walihamia bandani. Wote. Walizunguka vikapu wakividonoa kwa chini, na walipofukuzwa walirudi wakiwa na kuku wa jirani.

"Mjukuu wangu," aliniita bibi, "umeniambia humu hamna kitu."

"Hamna kitu, bibi. Ni vikapu tu."

"Mimi naweza kudanganyika, nimezeeka. Kuku je?"

Nilichukua kikapu kilichokuwa karibu. Juu ya fundo palikuwa na jina la shangazi, lililoandikwa kwa kukandamiza kalamu mpaka kibandiko kimetoboka. Nilifungua. Ndani mlikuwa na kunde, zimejaa mpaka shingoni, zimepepetwa, hazina hata jani. Nilifungua cha pili: mahindi. Cha tatu: mhogo mkavu uliokatwa vipande sawasawa, na juu yake njugu mawe tisa, kama mapambo. Cha nne kilikuwa na kunde tena, na kunde zilikuwa zimeanza kutoka vidudu, ambao walipanda mkononi mwangu kwa furaha ya wasafiri walioona mlango.

Niliketi chini. Mimi najua forodha za Ulaya. Nilikwisha kuona kwa macho yangu sanduku la duka letu likichomwa moto bandarini kwa sababu ya konzi moja ya mbegu iliyofichama ndani ya ngoma. Hawakuuliza maswali ishirini na mawili. Vikapu mia mbili na arobaini vyenye vidudu visingefika hata kwenye ngazi za duka. Niliiona ile meza ya karani, na kile kiti kilichofanyiwa ukarabati.

Nilikishika kikapu cha shangazi nikikiinamisha ili kukimwaga. Bibi alinishika mkono.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Jina la aliyekisuka."

"Basi hiyo ni zawadi yake kwa mtu. Unamwaga zawadi ya mtu yenye jina lake, yeye hayupo? Si ndani ya ua wangu."

"Bibi, meli inaondoka."

"Na iondoke. Ua hauondoki."

Nilirudi kijijini siku hiyohiyo, juu ya magunia ya saruji, bila koti. Shangazi alinikuta njiani akitoka kisimani.

"Mmevijaza," nilisema. Nilisahau hata shikamoo.

"Marahaba," alijibu. "Tumevijaza. Ulidhani tungevipeleka vipi?"

"Nilisema vitupu. Niliwaambia mbele ya mwenyekiti."

"Ulisema. Tukaona umekaa sana ugenini, tusikuaibishe mbele ya watu." Aliteremsha ndoo kichwani, akaitoa ngata, kile kiduara cha kukalishia mzigo kichwani, akaifuta jasho. "Baba, kikapu kitupu kikiingia kwenye nyumba ya mtu kinasema nini?"

Nilijua. Kila mtoto wa Handeni anajua. "Kinasema, kwetu kuna njaa, tujazieni."

"Na mwaka huu kwetu kuna nini?"

"Njaa."

"Basi ndiyo maana hatukutaka kiseme. Na tena jina langu liko juu yake. Mara ya kwanza jina langu linakwenda mahali, liende kuomba?"

Nilifikiria zile kunde zilizopepetwa, na kwamba miezi miwili nilikuwa nikila kwa shangazi mara moja kwa siku nikidhani ni kwa sababu anasahau. Nilimweleza habari za forodha na vidudu na moto. Nilimweleza pia habari za meza ya karani, kwa sauti ya chini. Alisikiliza yote akiizungusha ile ngata mkononi mwake.

"Wanakataa chakula," alisema mwishowe. "Vikapu vyenyewe wanakataa?"

"Hapana. Ukindu uliokauka wanaukubali."

"Basi kisiwe chakula. Lakini kitupu hakiendi." Akaiinua ngata. "Kiende na hii. Tunawaambia, mzigo ni huu, na cha kuubebea tumekupeni. Mtu aliyepewa ngata hajaombwa kitu. Amesaidiwa."

Asubuhi yake tulishuka Korogwe pamoja: shangazi, yule jirani yake mnene, wanawake wengine watano na furushi la ukindu. Mwenyekiti alitoa ruhusa baada ya kuahidiwa kwamba jambo la filimbi halitaendelea mbele. Walikaa uani kwa bibi Kwamndolwa na kuanza kusuka ngata ndogo za ukindu, za upana wa kiganja, nyekundu na kahawia, huku mimi nikifungua mafundo ambayo mwenyewe niliagiza yawe magumu. Kila kikapu kilimwagwa mbele ya mwenyewe au mtu wa kijiji chake. Wanawake walitazama kwa makini nani alijaza nini.

"Huyu kaweka mahindi ya yanga," alisema yule jirani, akimaanisha yale ya njano ya msaada. "Kawarudishia wenyewe."

"Nyamaza. Wewe mbona chako kimejaa nusu?"

"Nilishindilia. Kilishuka njiani."

Nilipouliza chakula kile tukirudishe vipi kijijini, waliniangalia kana kwamba nimetukana. Kilikwisha kutolewa, si chao tena. Bibi alitoa sufuria kubwa ya shughuli, vikaingia mahindi, kunde, njugu mawe, na mhogo kwa pembeni. Tulikula kwa siku mbili, wanawake, bibi, fundi wa masanduku na yule dereva Msambaa, aliyepita mara tatu kwa kisingizio cha kuulizia lori lake kama limeacha spana. Walikiita chakula cha Wazungu.

"Wazungu wanakula vizuri," alisema dereva akipangusa mdomo. "Nilikuwa siamini."

"Kula," shangazi alimwambia. "Kwenu milimani mnaijua njugu mawe, au mnaisikia tu?"

Masanduku yalipigiliwa misumari ikiwa imebaki siku moja. Mimi mwenyewe nilisafiri nayo hadi Tanga na kusimama gatini mpaka la mwisho likainuliwa. Ofisa aliyeyakagua alifungua vikapu sita, akakuta ngata sita.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni sehemu ya ufungashaji," nilimjibu, nikamwonyesha diploma. Aligonga mhuri.

Halafu nikangoja. Nilingoja kwa shangazi, na sikukaa bure, nilibeba maji. Mtu yeyote aliyenicheka nikiwa na ndoo nilimkumbusha kwamba ninafanya utafiti wa matumizi ya ngata. Baba aliandika kwamba mtu mwingine ameonekana akiizungukia ile meza. Mvua ikanyesha. Barua ikaja ndani ya bahasha ngumu, na niliifungulia uwanjani mbele ya ghala, mbele ya wanawake wote ishirini na wanne, jambo ambalo mwoga asingelifanya.

Nilitafsiri nikisoma. Vikapu vilifika salama, vikavu, mifuniko yote ipo. Vimeuzwa zaidi ya nusu. Wanawake walipiga vigelegele, na mimi nikainua mkono wasubiri.

"Lakini," niliendelea, "tumeshangazwa na kile kiduara kizuri kilichomo ndani. Wateja wanakipenda kuliko kikapu. Wengine wanaweka juu yake sufuria ya moto. Wengine wanakitundika mlangoni na kukichomekea majani."

"Ngata?" aliuliza jirani wa shangazi. "Mlangoni?"

"Mlangoni."

"Na kichwani wanaweka nini, sufuria?"

Ilibidi ningoje tena, kwa sababu hawakuwa wanacheka tu bali wanalia kwa kicheko. Kisha nikamalizia: mama mwenye duka anaomba viduara elfu moja kwa mwaka ujao. Vikapu arobaini vitatosha. Na ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi mia za barua, nyeupe, nene, zenye jina langu juu, na chini yake neno mnunuzi. Niliinua moja juu wote waone.

Shangazi hakuitazama karatasi. "Ngata elfu moja," alisema. "Na mizigo?"

"Mizigo gani, shangazi?"

"Ya kukaa juu ya hizo ngata. Ukimpelekea mtu ngata peke yake, unamwambia nini?"

Nilifumba macho. Hili pia nilijua. Anayeletewa ngata tupu huitwa: njoo utubebee.

"Yule mama ametukosea nini," shangazi aliuliza, "hata tumwite aje kutuchotea maji? Na majina yetu yawe juu yake?"

Wenzake walikubaliana naye wote kwa sauti moja. Hata mwenyekiti, aliyekuwa amekaa pembeni bila filimbi, alitikisa kichwa na kusema kwamba hilo kijiji hakiwezi kulipitisha.

Basi nilikaa kwenye kizingiti cha ghala na kuandika barua ya kwanza kwenye karatasi yenye jina langu. Nilimweleza mama mwenye duka, kwa Kiingereza safi, kwamba kwa mujibu wa taratibu za ufungashaji za wilaya ya Handeni, ngata haisafiri bila kikapu, na kikapu hakisafiri bila ngata, na kwamba mimi, kama mtaalamu niliyesomea jambo hili, siwezi kuweka sahihi yangu kwenye mzigo unaokwenda kinyume. Nilipendekeza vikapu mia tano, ngata mbili ndani ya kila kimoja. Alikubali kwa barua fupi, akauliza tu kama kuna kitabu cha taratibu hizo anachoweza kukisoma.

Nilimjibu kwamba kipo, ila bado hakijachapwa. Meza ya karani kule kwenye mkonge ilichukuliwa na kijana wa Kwamndolwa. Nilimpelekea kikapu cha kumpongeza. Shangazi alikijaza kwanza.